Miji ikishirikiana kuhusu usawa wa kijinsia, faida inafikaje sokoni kwetu?

DadaWaSoko (swali)

Wadau, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua kaunti kwa ndani na wanaofuatilia mambo ya miji.

Kila mara tunasikia magavana na mameya wamekutana, wametia saini ushirikiano wa miji kuhusu usawa wa kijinsia, picha zimepigwa, basi. Mimi ni katibu wa kamati ya wanawake katika soko moja la Eastlands, Nairobi. Tuko wauzaji kama mia mbili, karibu wote mama mboga na wauza mitumba. Shida zetu zinajulikana: njia ya kutoka steji hadi sokoni ni giza totoro, choo cha wanawake kina milango miwili tu, na watoto wachanga wanashinda chini ya meza za nyanya.

Hiyo mitandao ya miji inafanya nini hasa? Kuna kitu ndani yake ambacho kikundi kama chetu kinaweza kukishika mkononi? Yapi ya miji mingine yanafaa kuigwa hapa, na yapi tuachane nayo? Na tukitaka kaunti iyafanye, tuanzie ofisi gani, mwezi gani? Barua tumeandika. Majibu hakuna.

---

MpangaMji

Dada, kwanza tuitenganishe hiyo mitandao, maana ukiichanganya utamdai pesa mtu asiyekuwa nazo.

Kuna jumuiya za serikali za mitaa. Kubwa ni UCLG, muungano wa dunia wa miji na serikali za mitaa, yenye makao Barcelona, na tawi lake la Afrika liko Rabat. Ndani ya tawi hilo mna REFELA, mtandao wa wanawake viongozi wa serikali za mitaa barani, ulioanzishwa Tangier mwaka 2011. Mkutano mkuu wa tawi hilo, Africities, ulifanyika Kisumu Mei 2022. Kazi yao ni kuwa na kauli moja, kujuana na kuzisukuma serikali kuu. Usiende huko kutafuta taa.

Halafu kuna vikundi vidogo vya miji iliyochaguana. Mwaka 2020 Los Angeles, London, Mexico City, Barcelona, Tokyo na Freetown ziliunda CHANGE, kikundi cha kubadilishana mbinu za usawa wa kijinsia. Humo afisa wa usafiri anaongea na wa usafiri, wa takwimu na wa takwimu. Utamu wa vikundi hivi uko kwenye fomu, hojaji na rasimu za sheria zinazopita mkono kwa mkono. Hotuba za ufunguzi unaweza kuziruka.

Tatu ni programu za Umoja wa Mataifa. UN Women ilianza ile ya miji salama kwa wanawake na wasichana mwaka 2010 na miji mitano: Quito, Cairo, New Delhi, Port Moresby na Kigali. Kila mji hutakiwa kufanya utafiti wa mahali penyewe kabla ya kununua chochote, ndipo zije sheria ndogo, uwekezaji katika maeneo ya umma, na kazi ndefu ya kubadilisha tabia. Kigali wamo tangu mwanzo, kwa hiyo afisa wetu anayetaka kujifunza hana haja ya tiketi ya Ulaya. Tena UN-Habitat, iliyo hapa Gigiri, ilianzisha programu ya Miji Salama mwaka 1996 kwa sababu mameya wa Afrika waliiomba. Watu husema haya mambo ni ya kuletewa. Ombi lilitoka kwetu.

Aina ya nne ndiyo niipendayo: ahadi yenye tarehe. Mwaka 2006 baraza la manispaa za Ulaya lilitoa mkataba wa usawa wa wanawake na wanaume katika maisha ya mitaa, wenye vifungu 30. Mji ukitia saini, una muda usiozidi miaka miwili kuandika na kupitisha mpango wake wa utekelezaji. Mwananchi anaweza kuhesabu miezi kwenye kalenda na kuuliza. Huko Marekani, San Francisco ilipitisha mwaka 1998 sheria ya jiji inayofuata CEDAW, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, wakati nchi yenyewe haijauridhia hadi leo. Kenya tuliuridhia 1984! Chini ya sheria ile idara za jiji zilianza kuchunguzwa moja moja: pesa zako zinamfikia nani, wafanyakazi wako ni kina nani, huduma yako nani anaikosa. Baadaye miji mingine ya Marekani ikafuata njia hiyo hiyo. Ushirikiano wa miji ukifanya kazi huwa hivyo: mmoja anatangulia na karatasi, wengine wanakopi na kurekebisha.

Sasa kwa nini mikataba mingi hufia kwenye droo? Anayetia saini ni ofisi ya gavana, lakini anayechimba mtaro ni idara ya barabara, na huyo hakuwa kwenye safari. Pili, mambo ya nje ni kazi ya serikali kuu kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, hivyo makubaliano ya kaunti na mji wa nje hupitia ofisi nyingi na kukaa huko. Tatu ni uchaguzi. Kila miaka mitano huja timu mpya, na jambo lisilo kwenye bajeti wala kwenye sheria linaondoka na aliyelileta.

Ukisikia saini nyingine, uliza mambo matatu tu: idara ipi, laini ipi ya bajeti, ripoti lini. Kama hakuna jibu hata moja, usipoteze nauli kwenda kwenye uzinduzi.

---

TaaNaNjia

Naongezea kwenye kile ambacho kikundi cha soko kinaweza kukishika mkononi: ukaguzi wa usalama wa wanawake. Shirika la METRAC la Toronto lilibuni zana hii mwaka 1989, ikasafiri mji kwa mji hadi Afrika Mashariki. Haihitaji mhandisi wala kibali cha kutembea. Ifanyeni hivi.

Wapateni watu wanane hadi kumi na wawili. Awemo msichana wa shule, bibi wa miaka sitini na kitu, mtu mwenye ulemavu, na mama anayetembea na mtoto mgongoni. Msijaze viongozi wa kamati peke yao, kwa sababu wao wameshaizoea njia na hawaoni tena mashimo. Mwanamume mmoja au wawili wakaribishwe, lakini wasishike kalamu.

Chagueni njia isiyozidi kilomita moja. Jua la Nairobi hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, basi anzeni saa moja kasoro robo mmalize kabla ya saa mbili na nusu. Halafu rudieni saa kumi alfajiri, na hili ndilo husahaulika. Mama mboga anayekwenda Marikiti kuchukua mzigo hupita njia hiyo saa ile, akiwa na pesa zote za siku kwenye kifua. Ukaguzi wa jioni peke yake utakuletea taa inayozimika saa sita usiku ikionekana ni mafanikio.

Simameni kila mita 50. Kila kituo kiandikwe namba, na mtu mmoja apige picha, simu ikiwa imewashwa huduma ya kuonyesha mahali (location). Yaandikwe mambo haya na si zaidi: mwanga, unavyoona mbele na kando, nani yupo (hesabuni wanawake kando na wanaume), hali ya sakafu ya njia, mahali pa kukimbilia, na jinsi kila mmoja anavyojisikia kutoka 1 hadi 5. Kwa mwanga msitegemee programu ya simu ya kupima, zinadanganya. Tumieni kipimo cha uso: mwenzenu asimame mita nne mbele. Kama humtambui sura, mwanga hautoshi, hata kama taa ipo juu ya kichwa chake.

Wakati wa kutembea kuna atakayesimulia jambo zito, kama kubakwa. Msiandike jina lake popote. Kama limetokea karibuni, afike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia HIV haina kazi baada ya hapo. Asioge kwanza, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kamwe si wa plastiki, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na ushahidi unaoza. Simu ya bure ni 1195. Aulizie fomu ya PRC (ya huduma baada ya kubakwa) hospitalini na P3 (ya ripoti ya daktari) polisi.

Mkimaliza, chora ramani ya mkono kwenye karatasi kubwa, pakeni rangi nyekundu vituo vilivyopata 1 na 2. Kuna programu ya simu kutoka India, Safetipin, iliyoanza 2013 na kutumika miji mingi ikiwemo Bogotá. Hiyo hupiga picha za barabara kutoka kwenye gari na kupima mambo hayo hayo. Ni nzuri kwa jiji zima. Kwa uchochoro wa soko, gari haliingii, miguu inatosha.

Kuhusu taa zenyewe, nawaonya juu ya mulika mwizi. Ule mlingoti wa mita 20 hadi 30 unapendwa na wanasiasa kwa sababu unaonekana kutoka mbali. Uwanja wazi unaufaa. Lakini njia yenye upana wa mita mbili kati ya mabati hupata kivuli kikali cha paa, na anayejificha kivulini anakuona wewe uliye mwangani, wewe humwoni. Kwa njia kama yenu dai nguzo fupi za mita tano hivi. Umbali kati ya nguzo usizidi mara nne ya urefu wake, yaani mita 20. Njia ya mita 600 itataka nguzo 31. Zikiwa za sola, zabuni iseme betri ya lithiamu, iwe juu kwenye nguzo na si kwenye sanduku la chini, na boliti zisizofunguka kwa spana ya kawaida. Betri ya madini ya risasi, kama ya gari, hufa ndani ya miaka miwili au mitatu, na ile ya chini hata hiyo miaka haifiki.

Na kabla hamjaandika barua yoyote, jueni barabara ni ya nani. Ikiwa ya KURA (mamlaka ya taifa ya barabara za mijini) au KeNHA (ya barabara kuu), kaunti itawaambia si yao, na itakuwa kweli.

---

Kijiti_cha_Tatu

Mulika mwizi usizisingizie sana, mkuu. Zimefukuza wezi mahali pengi. Tatizo lake kubwa ni bili: umeme ukikatwa, eneo lote linaingia giza kwa mpigo mmoja.

---

TaaNaNjia

Kweli, hilo nalo. Ndiyo maana nikasema nguzo 31. Mbili zikifa zinabaki 29.

---

KitabuChaBajeti

Dada, barua zako hazijibiwi kwa sababu huenda zinafika mwezi ambao hakuna mtu anayeweza kuzifanyia chochote. Kaunti ina kalenda, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe zake:

Tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, wenyewe huuita ADP, uwe umefika kwenye bunge la kaunti. Mradi usio humu ni vigumu kupata pesa mwaka unaofuata. Tarehe 28 Februari ni taarifa ya sera ya fedha, ambako idara zinapangiwa viwango vyao vya juu. Tarehe 30 Aprili ni makadirio ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai.

Maana yake kwenu: ukaguzi wa njia ufanyike Mei au Juni, pendekezo lifike Julai. Watu hujitokeza kwa wingi kwenye vikao vya maoni vya Aprili na Mei wakidai mambo mapya, wakati huo mwiko umeshatolewa kwenye sufuria. Aprili ni ya kulinda kilichomo kisiondolewe.

Pendekezo liwe ukurasa mmoja. Juu: wadi, kaunti ndogo, jina la soko, njia kutoka wapi hadi wapi, mita ngapi. Kisha kinachotakiwa kwa idadi: nguzo 31, milango 4 ya choo, chumba kimoja. Kisha nani hufaidika, kwa hesabu mliyoifanya wenyewe. Simameni kwenye lango siku tatu, mhesabu wanawake na wanaume wanaopita kila saa, halafu mweke jedwali. Maofisa wa kaunti mara nyingi hawana takwimu zilizotenganishwa kwa jinsia kwa eneo dogo kama hilo, na anayeleta namba ndiye anayenukuliwa. Mwisho taja kifungu. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linaipa kaunti barabara za kaunti pamoja na taa zake, masoko, na vituo vya kulelea watoto. Hakuna atakayekwambia si kazi yetu.

Pelekeni nakala nne: kwa MCA wenu (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti), kwa msimamizi wa wadi, kwa idara husika na kwa karani wa bunge la kaunti. Kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na mbaki na yenu yenye muhuri huo. Barua isiyo na muhuri haikuwahi kufika.

Wakikaa kimya, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu ombi la habari. Ombeni kitu mahususi, kwa mfano: "orodha ya miradi ya taa iliyotengewa pesa katika wadi hii miaka miwili ya fedha iliyopita, kiasi kilichotengwa na kilicholipwa." Wakikataa au wakinyamaza, mnapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombi la namna hiyo hufungua milango kuliko maandamano, kwa maoni yangu.

Kuna kiti kingine watu hawakijui. Kifungu cha 137 cha sheria ile ya fedha kinataka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Gavana ni mwenyekiti, na wajumbe wasio wa serikali huteuliwa na mashirika ya wataalamu, biashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na dini. Ulizeni nani anakalia kiti cha wanawake na aliteuliwa na shirika gani. Mpelekeeni ukurasa wenu.

Sasa niuunganishe na swali la miji. Vienna walianza katikati ya miaka ya 2000 kuandika katika bajeti yenyewe kila idara inamhudumia nani, wanawake wangapi, wanaume wangapi. Kabla ya hapo, utafiti wao wa miaka ya 1990 ulionyesha wasichana wakifika miaka tisa au kumi hivi wanatoweka kwenye bustani za umma, wavulana wakiwa wameukamata uwanja. Bustani ya Einsiedlerpark ikapangwa upya: njia zaidi, mwanga, viwanja vidogo kadhaa badala ya kimoja kikubwa.  Hicho ndicho cha kuiga Vienna, hesabu kabla ya ujenzi. Nairobi ina mfano wake: sera ya mwaka 2015 ya usafiri usiotumia injini inaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Wanaotembea kwa miguu na mzigo kichwani ni kina nani? Itajeni sera hiyo kwenye pendekezo lenu, kwa jina na mwaka. Afisa akikwambia hakuna pesa za njia ya miguu, muulize asilimia 20 iko wapi.

---

DadaWaSoko

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Mbili zimebaki. Watoto: kuna mji uliofanya kitu cha kuigwa? Kituo kilicho karibu nasi hufungua saa mbili asubuhi, sisi tuko sokoni tangu saa kumi na moja. Na choo, wanatuambia kimegawanywa sawa, nusu yao nusu yetu.

---

MpangaMji

Choo kwanza, kwa kuwa ni kifupi. Nusu kwa nusu kwenye ramani si nusu kwa nusu kwenye foleni. Eneo lile lile la sakafu likiwa na mifereji ya kukojolea linahudumia wanaume wengi zaidi, na mwanamke hukaa muda mrefu zaidi kwa sababu ya nguo, hedhi na mtoto aliyemshika mkono. New York ilitunga sheria mwaka 2005 kwamba majengo mapya ya burudani na kumbi yawe na matundu mawili ya wanawake kwa moja la wanaume. Daini uwiano huo. Ongezeni ndoano ya kutundika mkoba, ndoo yenye kifuniko, na bomba ndani ya mlango, si nje. Na ulizeni ada: mwanamume akilipa kidogo kwa haja ndogo nanyi mkalipa bei nzima kila safari, hiyo ni kodi ya kuwa mwanamke.

Watoto: someni Bogotá. Oktoba 2020, wakati wa meya Claudia López, walifungua cha kwanza kati ya vituo wanavyoviita Manzanas del Cuidado, yaani mitaa ya malezi. Hawakuanza kwa kujenga majumba mapya. Walichukua majengo ya jiji yaliyokuwepo, kituo cha jamii, shule, maktaba, wakaziunganisha huduma ili mtu azifikie kwa miguu ndani ya dakika 15 hadi 20. Siri yake ni wakati mmoja: mama anaposoma kumaliza sekondari, au anapoonana na wakili, au anapopumzika tu, mtoto au mzee anayemtunza yuko na mlezi chumba cha pili, na nguo zake ziko kwenye mashine ya jiji. Wanaume nao wana darasa la kufundishwa kazi za nyumbani. Mwaka 2023 baraza la jiji liliupitishia mfumo huo sheria uwe wa kudumu, meya akabadilika mwaka uliofuata, vituo vikaendelea. Hapo ndipo tofauti na mikataba ya picha ilipo.

Msiige ukubwa wake. Igeni mambo mawili: jengo lililopo, na saa za mtumiaji. Kaunti ina kumbi za jamii na madarasa ya chekechea yanayokaa tupu alfajiri. Pendekezo lenu liseme kituo kifunguliwe saa kumi na moja alfajiri, chenye zamu mbili za walezi. Kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja, mlezi mmoja asichukue zaidi ya wanne. Wa miaka miwili hadi mitatu, wanane. Chumba kiwe na mita mraba mbili za sakafu tupu kwa kila mtoto, mbali na jiko na mapipa. Kituo kikiwa ndani ya uzio wa soko mama anakuja kunyonyesha na kurudi mezani ndani ya robo saa. Kikiwa nusu kilomita, atamwacha mtoto chini ya meza kama zamani, na kaunti itasema wanawake hawakukitaka.

Kinachoua vituo hivi ni mshahara wa mlezi. Jengo hupata mfadhili na kibao chenye nembo, mlezi anategemea ada ya wazazi siku kwa siku, mvua ikinyesha wiki nzima soko linalala, ada hakuna, mlezi anaondoka. Kwa hiyo laini ya kudai kwenye ADP ni mishahara, saruji baadaye.

---

StejiYaMwisho

Wengine hawakugusa usafiri wa matatu, nami naleta machache kuuhusu, hasa ya kutoiga.

New Delhi iliwapa wanawake mabasi ya bure tangu Oktoba 2019. Inawezekana kule kwa sababu serikali ina mabasi yake. Hapa matatu ni ya watu binafsi chini ya SACCO, yaani ushirika wa wenye magari, hivyo anayeahidi nauli ya bure bila kusema nani atamlipa mwenye gari anawachezea. Montréal tangu 1996 inawaruhusu wanawake kushuka usiku kati ya vituo. Sisi tunashushwa popote tangu enzi, tena gari likiwa linatembea!

Cha kuiga kiko Quito. Mwaka 2017 walianzisha mfumo wa ujumbe wa simu: abiria anayenyanyaswa anatuma neno na namba ya gari, kituo kinampigia ndani ya dakika chache, dereva anajulishwa, na kengele au tangazo linasikika ndani ya gari lote. Mnyanyasaji anajua ameonekana. Hapa mnaweza kuanza na SACCO moja ya njia yenu. Kinachohitajika ni namba kubwa ya gari ibandikwe ndani, nyuma ya kiti cha dereva na mlangoni, kwa sababu aliye ndani haioni namba ya nje. Pia simu moja ya ofisi inayopokelewa hadi gari la mwisho lilale, na jina la mtu mmoja anayewajibika. London, kwenye hati yao ya usalama wa wanawake usiku ya 2018, sharti la kwanza kwa kila kampuni ni kumtaja mtu huyo. Pasipo jina, lalamiko linazunguka kati ya makanga, dereva na karani hadi mwenyewe achoke.

Hapa mjini shirika la Flone Initiative wamekuwa wakiwafundisha madereva na makondakta mambo haya kwa miaka mingi, waulizeni. Sheria pia ipo. Baada ya maandamano ya Novemba 2014 ya kupinga wanawake kuvuliwa nguo hadharani, Kifungu cha 251A kiliingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungo kisichopungua miaka 10. Wafanyakazi wengi wa matatu hawaijui namba hiyo. Ibandikeni steji.

Na shikilio lenu ni lipi? Leseni za magari ni za NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, lakini steji hugawiwa na kaunti. SACCO inaogopa kupoteza nafasi ya kuegesha kuliko inavyoogopa semina. Ombeni kaunti iweke masharti hayo matatu, namba ndani, simu, jina, kwenye barua ya kuipa SACCO steji.

---

DadaWaSoko

Nimechapisha yote, tunaanza kuhesabu langoni Jumatatu. KitabuChaBajeti, swali la mwisho: tunahesabu watoto wanaobebwa mgongoni kama watu?

---

KitabuChaBajeti

Wahesabuni, kwenye safu yao peke yao, kwa saa. Safu ya saa kumi na moja hadi saa mbili asubuhi ndiyo itakayowapa kile kituo cha alfajiri.